Kitufe cha Kunyamaza

Ukoo mzima ulimwita Injinia, na hakuwa injinia wa kitu chochote. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya maji, kazi yake kupanga mafaili kwenye rafu na kuyatafuta yakipotea. Lakini si mnajua ndugu walivyo. Ukiwabadilishia kioo cha simu mara moja tu, jina limeshakukaa, na yeye jina lile alilipenda kuliko mshahara.

Kompyuta yake ya mezani ilitumia mfumo wa bure wa Linux, na hilo hakuacha mtu aondoke bila kulijua. Ukija kusalimia, utaambiwa. Ukija kumpa pole ya mafua, utaambiwa. Virusi havimpati, programu halipii, kila kitu anajiwekea kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe alishasikia mpaka masikio yakaota sugu. Siku hizi Injinia akianza, yeye huenda kuangalia kama nguo zimekauka.

Basi wiki hiyo akanunua kibodi ya mtumba, pana, yenye safu ya vitufe vya picha juu: cha kuongeza sauti, cha kupunguza, cha kusimamisha wimbo, cha kurukia wimbo wa mbele, na cha mwisho chenye picha ya maikrofoni iliyokatwa mstari. Vingine vilikubali vyenyewe. Hiki cha maikrofoni kikagoma. Mtu mwenye shughuli zake angekiacha kilivyo, lakini Injinia alikunja mikono ya shati.

Alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaendesha programu inayokuonyesha kila kitufe unachobonyeza kina namba gani. Akakibonyeza kile kikaidi, namba ikatokea. Akaingia kwenye mipangilio ya kibodi, akafungua njia ya mkato mpya, akaipa jina "Nyamaza", na mahali pa amri akabandika mstari aliouchukua mtandaoni, kwenye jukwaa ambako mtu aliuliza namna ya kuzima sauti kwa kitufe. Sauti ipi, inayoingia au inayotoka, Injinia hakujiuliza. Alikuwa na haraka ya kufaulu. Akafungulia wimbo, akabonyeza, wimbo ukakatika. Pembeni ya skrini kikatokea kijipicha cha spika iliyopigwa mstari. Akabonyeza tena, wimbo ukarudi.

"Imekubali," alimwambia mkewe.

"Si imezima wimbo hiyo?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni. "Wewe ulisema ni ya maikrofoni."

"Sauti ni sauti, mke wangu. Ikizimwa imezimwa."

Mkewe akamwachia ujuzi wake.

Jumapili mchana palikuwa na kikao cha familia kwa video, na jambo lilikuwa moja: Mama akae wapi. Tangu baba yao afariki, Mama alikuwa anaishi kwa dada mkubwa, na sasa dada alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Mama mwenyewe alikuwa na nguvu zake, anatembea, anakunja nguo, anachambua mchele. Kumbukumbu ndiyo ilikuwa inamtoka. Atauliza leo siku gani, atajibiwa, atashukuru, halafu kabla hujakaa sawa atauliza tena. Kitinda mimba wao alikuwa amepanga chumba kimoja. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyeendesha kikao, ingawa kamera yake ilikuwa inaonyesha paji la uso na dari.

Walianza kwa fujo ya kawaida. Huyu haonekani, yule anasikika mara mbili, dada anatafuta maikrofoni inazimwa wapi. Injinia akawacheka.

"Nyinyi endeleeni kuhangaika na skrini," alisema. "Mimi kitufe changu kiko hapa mezani. Nagusa tu."

Zamu yake ilipofika, akajipiga kifua. "Mama anakuja kwangu," alisema. "Chumba kipo, na mke wangu yuko radhi. Nitakuwa mtoto wa namna gani, mama yangu ahangaike na mimi nipo?"

Kitinda mimba akapiga makofi. Mama, aliyekaa karibu na dada, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Mke wa Injinia, aliyekaa pembeni mahali ambapo kamera haimwoni, ndiyo kwanza anasikia kwamba yuko radhi. Akamfinya mumewe paja. Injinia akakigusa kitufe kwa madaha, sauti za wenzake zikakatika zote, na yeye akamgeukia mkewe huku ameacha tabasamu la kikao usoni.

"Usinitolee macho," alisema. "Hayo ni maneno ya kikaoni. Huyu mdogo wetu ana huruma za karibu, atajitolea. Asipojitolea, Mjomba atamchukua dada yake. Mimi jina zuri nimeshalipata."

"Na wakikubali?"

"Hawatakubali. Unadhani nina wazimu? Mtu unamjibu, hujameza mate anakuuliza lile lile. Dada kazoea. Mimi nikikaa naye wiki moja, nitaokota makopo kama kichaa. Tuambiane ukweli, mama yangu aliondoka zamani. Yule aliyebaki pale ni maswali tu."

Kwenye skrini, dada alikuwa anapunga mkono. Injinia naye akampungia. Kitinda mimba alisogeza uso mpaka pua ikajaa kwenye kamera, midomo inacheza, na Injinia akatikisa kichwa kwa adabu, kana kwamba anazifuata hoja. Hata Mjomba sasa alionekana uso mzima. Mama peke yake hakusogea.

"Wanasema na wewe," mkewe alisema.

"Hawatusikii."

"Wewe unawasikia?"

Injinia akasita. Hakuwa anawasikia. Akatazama kile kijipicha pembeni, spika iliyopigwa mstari, spika wala si maikrofoni. Akabonyeza.

"...kusikia," dada alikuwa anasema, sauti imeshamkauka kwa kurudia. "Tunakusikia. Tunakusikia. Nyamaza, tunakusikia."

Injinia aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye waya wa umeme, auchomoe, kisha asingizie mgao, na alijiona kabisa akifanya hivyo, mtu mzima mwenye mvi. Akaurudisha mkono mapajani.

Aliyesema alikuwa Mama.

"Mtandao ulikuwa unakatika," alisema, pole pole. "Mimi nilimsikia aliposema niende kwake. Mengine sikuyapata. Kaka, funga kikao. Nakwenda kwa mwanangu."

Nani angembishia? Mjomba akakohoa, akafunga kikao, nyuso zikapotea moja moja. Injinia alitaka kuomba msamaha na akaona hana njia. Akimwomba, atakuwa anamwambia Mama kwamba alisikia, na Mama alishasema mbele ya wote kwamba hakusikia. Alikuwa amemsitiri mtoto wake aliyemvua nguo. Hilo lilimuuma kuliko angetukanwa.

Jioni ileile aliirekebisha amri. Lilikuwa neno moja tu la kubadilisha, lililosema sauti inayotoka badala ya inayoingia. Mkewe alimkuta bado amekikodolea kile kitufe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakumtania. Injinia alikuwa anawaza jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu. Alikuwa anauombea ule ugonjwa. Kwa kuwa unamchukulia Mama kila kitu, basi uchukue na hili, alfajiri aamke hana habari. Akajisikia mchafu, na bado akaendelea kuomba.

Mama akaja. Akapewa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, shuka mpya, kiti cha kuegemea. Injinia alikuwa anarudi nyumbani mapema, anakaa naye, anasubiri aulizwe leo siku gani. Alikuwa amejiandaa kujibu mara mia, na kwa upole. Mama hakuuliza. Hakuuliza siku, hakuuliza saa, hakuuliza dada yuko wapi. Alikaa mikono mapajani, ukimsemesha anaitika, ukinyamaza ananyamaza.

Injinia akaanza kupata nafuu moyoni. Akampigia dada, aliyekuwa bado amelala hospitali. "Mama amepata nafuu," alimwambia. "Hali ya hewa ya huku imemkubali. Haulizi tena ovyo."

"Kwangu aliuliza mpaka asubuhi ya kuondoka," dada alisema, akakata simu.

Siku iliyofuata mkewe alikuwa ametoka kidogo. Injinia aliingia, akamkuta Mama amesimama kwenye ukumbi mwembamba wa vyumbani. Alikuwa ameshika kitasa cha stoo. Akafungua kidogo, akachungulia, akaurudisha mlango taratibu usipige kelele, akaenda wa pili. Gauni lake lilikuwa limelowa nyuma, na sakafu ilikuwa imelowa njia nzima, toka chumbani kwake.

"Mama," Injinia alisema. "Unatafuta choo? Si ungeuliza?"

Mama aligeuka. Akamtazama kwa adabu, macho ya mgeni kwa mwenye nyumba, kisha akaitazama sakafu.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nitaifuta mwenyewe."

"Niulize, mama yangu. Niulize chochote, hata mara ngapi. Nakuomba."

Alimshika mkono. Mlango wa choo ulikuwa nyuma ya Mama palepale, angegeuka tu angeufikia. Mama akakaza vidole, akatikisa kichwa, na akajitahidi kumtabasamia mwanawe ili asipate wasiwasi.

"Sina swali," alisema. "Mimi siulizi kitu."