Hewa Safi ya Bibi Ingelore

Wewe uliyechukua paka kwenye makao ya wanyama wiki hii, kabla hujampa mtu ufunguo wa nyumba yako, sikia kwanza yaliyompata Gesine wa mji wa Husum.

Gesine alirudi kutoka kazini saa tano asubuhi, unga wa duka la mikate bado umemkaa kwenye nywele, akakuta madirisha yote ya nyumba yake yako wazi na mablanketi ya mtoto yananing'inia nje. Jikoni, mama mkwe wake Ingelore alikuwa anakunywa kahawa, koti mwilini kwa sababu ya baridi aliyoiingiza mwenyewe.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeingiza hewa. Nyumba inanuka mchanga wa paka mpaka kwenye ngazi."

"Na karatasi niliyobandika mlangoni hukuiona?"

"Nimeiona. Wiki tatu madirisha yafungwe, ati mpaka paka azoee! Mimi nimelea wana wanne. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, theluji ianguke isianguke. Na hakuna aliyekufa."

Gesine alikwenda chumbani kwa mtoto, akapiga magoti, akachungulia chini ya kabati. Kisahani kilikuwepo. Vumbi lilikuwepo. Motte hakuwepo.

Motte alikuwa paka wa kijivu mwenye sikio lililokatika nusu, na ile ilikuwa siku yake ya tisa pale. Aliyemtaka ni Fenja, binti wa Gesine, mtoto wa miaka saba. Fenja alisoma kwa kukwamakwama, wenzake darasani wakamcheka mpaka akaacha kufungua kitabu kabisa. Kule kwenye makao ya wanyama, siku za Jumamosi, watoto hukaa mbele ya vizimba wakawasomea paka waoga ili wazoee sauti ya mtu. Fenja alisoma, Motte akasikiliza, hakucheka. Siku saba nyumbani paka hakutoka chini ya kabati. Jana yake ndiyo akatoka, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa mtoto.

"Mama," Fenja alinong'ona, "amenichagua."

Sasa shule ingetoka saa saba mchana. Gesine angemwambia nini huyo mtoto?

Alitoka mbio. Hata yeye alikosea, na isifichwe: aliita jina la paka mpaka koo likakauka. Ingelore akasimama kwenye wavu wa chuma uliolazwa ardhini chini ya dirisha la jikoni, akagonga kopo kwa kijiko kama anayefukuza ndege shambani. Jirani wa ghorofa ya juu, Bwana Brodersen, akashuka na fagio, akaanza kuchokoachokoa ua wa miti.

"Nimeona kitu cha kijivu! Kimekimbilia kwenye magari!"

"Bwana Brodersen, weka fagio chini! Wewe ungechokolewa mbavu ungetoka?"

"Nasaidia tu, mama Fenja."

"Basi saidia kwa kukaa."

Akaenda juu akinung'unika. Gesine akapiga simu kwenye makao, akasema yote. Mwanamke wa kule hakumficha.

"Nilikuambia wiki tatu, hukuwaambia watu wako kwa mdomo. Sasa acheni kelele. Paka mgeni hajui jina lake wala mtaa wenu. Haendi mbali. Yuko hatua chache tu, amejibanza, na kadiri mnavyoita ndivyo anavyozidi kunyamaza. Kaeni chini."

Wangapi kati yetu huambiwa hivyo mapema, tukaona ni maneno ya watu wapendao kusumbua?

Fenja alifika, mkoba mgongoni, akayaona madirisha. Hakulia. Alimgeukia bibi yake.

"Bibi, Motte si blanketi. Kwa nini umemwanika?"

Ingelore akaanza kuyaanua mablanketi.

Mtoto akaketi kwenye kipandio cha jiwe chini ya dirisha la jikoni, akatoa kitabu chake cha shule, akaanza. "Ba-ta... bu-ki-ni... a-li-vu-ka da... dara..."

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"Mama Fenja! Saa saba na nusu hii! Mpaka saa tisa ni saa za kimya! Kanuni za nyumba zimebandikwa hapo mlangoni!"

Hapo Gesine alichemka.

"Kimya gani hicho? Fagio linaruhusiwa kumtesa kiumbe, ila mtoto haruhusiwi kusoma? Miaka sita nazisoma karatasi zenu, yangu moja tu imewashinda! Funga dirisha, Bwana Brodersen. Leo katika nyumba hii angalau mtu mmoja afunge dirisha!"

Likafungwa. Mtaa mzima ukatulia, maana kweli zilikuwa saa za kimya. Ikabaki sauti ya Fenja peke yake. Alisoma ukurasa, akaurudia, akaurudia tena. Mara ya tatu hakukwama kwenye neno daraja.

Kitu kikakwaruza chini ya wavu wa chuma. Pembe moja ya wavu ilikuwa imeinuka, na chini yake mna shimo linalopeleka mwanga kwenye dirisha la chumba cha chini ya ardhi. Likatoka sikio, nusu sikio, likiwa na utando wa buibui. Muda wote Motte alikuwa palepale alipoangukia kutoka dirishani, na Ingelore akigonga kopo juu ya kichwa chake.

Gesine akanyoosha mikono. Fenja akainua kiganja.

"Mama, sijamaliza ukurasa."

Akamaliza. Motte akapanda, akanusa mkoba, akajikunja mapajani pake. Ndipo mtoto akalia.

Ndani, madirisha yamefungwa, Ingelore alijikohoza.

"Haya, kapatikana. Tena manyoya yamechangamka. Ni hewa hiyo."

Gesine akanyoosha kiganja. "Mama, ufunguo."

"Unaninyima nyumba ya mwanangu?"

"Unakaribishwa kila siku. Ila utabisha hodi, nami ndiye nitakayefungua. Angepotea yule paka, Fenja asingeshika kitabu tena, na wewe ungekuwa unanisifia hewa."

Ingelore akamtazama mjukuu wake sakafuni. Akauchomoa ufunguo kwenye pete, akauweka mezani, akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili zilizobaki nyumba ile ilinuka mchanga wa paka mpaka kwenye ngazi. Na hakuna aliyekufa.