Hatua Ishirini na Nane

Mimi nimegombana na nusu ya wafanyakazi wa hifadhi hii kwa sababu ya kusema kweli kavukavu. Lakini baba yangu mzazi nilimdanganya miaka mitatu mfululizo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa miaka thelathini alipima barafu ya mlima huu. Kila mwaka, mwezi uleule, alipanda hadi inapoishia, akaandika mwaka kwa rangi nyekundu kwenye mwamba, na kuhesabu hatua kutoka alama ya mwaka uliopita. Barafu ikirudi nyuma, hatua huongezeka. Alipostaafu nikashika mimi, na kila mwaka nilimpa namba aiandike kwenye daftari lake.

Mwaka wa kwanza nilimkuta amelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Barafu ilikuwa imerudi nyuma hatua tisini. Nikamtazama pale kitandani, mipira ya oksijeni puani, nikajikuta nasema, "Nane tu, Baba." Akatabasamu, akalala. Ofisini niliandika tisini. Mwaka uliofuata nikampa kumi na moja, kisha tisa. Uongo ukishauzaa, utaulea.

Mwaka huu akasema anakuja kuiona barafu yake kabla magoti hayajamgomea kabisa. Nikamwambia daktari hataki. Akaniuliza huyo daktari amepima barafu miaka mingapi.

Getini tulimkuta mlinzi tunayemwita Redio, maana huyo hazimiki. "Shikamoo mzee. Umekuja kutukagua?"

"Marahaba. Nimekuja kuona kama bado mnajua kuhesabu."

Wakacheka. Mimi nikainama kujifanya nakaza kamba za buti.

Nilipanga kumwambia njiani. Kila tulipopumzika nikajiambia, pumziko lijalo. Njia ya mwongo fupi, wanasema, na yangu ikaishia kwenye alama ya mwisho aliyoiandika yeye mwenyewe. Akaigusa kwa fimbo, akavuta pumzi, akaanza kuhesabu kwenda juu. Nilijua atasimama wapi. Nane, kumi na moja, tisa. Kwenye hatua ya ishirini na nane akasimama juu ya changarawe kavu, na mbele yake ilikuwa changarawe na alama zangu nyekundu hadi mlima unapopinda.

"Barafu iko wapi?"

"Huko juu, Baba. Nilikudanganya. Niliuogopea moyo wako."

Hakufoka. Laiti angefoka, maana kufoka tunakujua sote wawili.

"Kwa hiyo ofisi nzima inajua," akasema. "Hata Redio anajua. Mimi ndiye mgonjwa wa kufichwa."

Nikapiga magoti mbele yake nimbebe hadi juu. Akasema, "Ondoka hapo. Mgongo huo siupandi." Akarudi polepole kwenye alama yake, akaketi, pumzi zikimpaa. "Nenda ukapime. Hesabu kwa sauti."

Ndivyo alivyonifundisha: mmoja anapanda akihesabu, mwenzake anabaki kwenye alama, na kila kumi anaitikia. Nikaanza kupanda. "Kumi," nikasema. "Kumi," akaitikia. Kwenye mia mbili bado nilikuwa namsikia. Kwenye mia mbili na sabini nikasikia upepo tu. Nikageuka, nikaliona koti lake la bluu, dogo, limekaa palepale.

Nikaendelea kuhesabu kwa sauti, peke yangu, huku nalia kama mtoto, na sikupunguza hata hatua moja. Kwenye mia nne na kumi na mbili buti likagusa barafu. Ilikuwa nyembamba na chafu, maji yanachuruzika chini yake. Niliona uchungu, na nikaona afadhali magoti yake hayakumfikisha.

Niliporudi alikuwa amefungua daftari, namba zangu tatu amezikata kwa mistari iliyonyooka.

"Ngapi?"

"Mia nne na kumi na mbili."

Akaniangalia usoni. "Kweli?"

Nimewahi kufeli mitihani, nimewahi kufukuzwa shule kwa mdomo wangu huu, lakini tangu nizaliwe baba yangu hakuwahi kuniuliza hivyo.

"Kweli, Baba."

Akaiandika. Kurasa zote za nyuma zilikuwa za wino. Hii aliiandika kwa penseli.