Ubao wa Mteremko

Chiriku hajawahi kumuuzia mtu kiatu kisichomfaa. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na alimwambia kila aliyeingia dukani, hata aliyeingia kuuliza choo kiko wapi. "Nikikuuzia kiatu kikakubana," angesema akijipiga kifua, "njoo univue changu uondoke nacho." Jina la Chiriku alipewa na dada yake wangali wadogo, kwa vile alianza kusema kabla hajafumbua macho na hakunyamaza mpaka usingizi umzibe mdomo.

Duka lilikuwa jembamba, la viatu vya mbio za milimani tu. Rafu mbili, benchi moja, na kioo kifupi kinachomwonyesha mtu kuanzia magotini kwenda chini. Chiriku alikiita kioo cha heshima, maana hakimwambii mtu ukweli wa sura yake. Katikati palikuwa na ubao wa mteremko: mbao pana juu ya fremu ya chuma, umeinama mbele kama paa la banda. Aliutengeneza baba yake, fundi wa kuchomelea. Mteja alipanda kwa nyuma, akashuka kwa mbele akikanyaga kwa kishindo. Vidole vikigonga ncha ya kiatu, kiatu kinarudi rafuni. Hakuna mjadala.

Alasiri hiyo mteja alikuwa msusi, mwanamke wa maneno machache na jicho kali, anayeshinda amesimama nyuma ya vichwa vya watu.

"Lete kidole gumba cha mkono, dada," Chiriku alimwambia akiwa amepiga magoti. "Kiweke hapa. Kati ya kidole chako cha mguu na ncha ya kiatu, pawe na nafasi ya gumba zima. Safari ndefu mguu unavimba kama unga wa mkate. Halafu kinachong'oa kucha si kupanda, ni kuteremka. Ukivaa kiatu kilichokukaa sawasawa bila nafasi hiyo, utarudi nyumbani umebeba kucha zako mfukoni."

"Na huo mdomo wako unavaa namba ngapi?"

"Haujapata namba, dada. Kiwandani bado wanapima."

Msusi akacheka. Alipanda ubao, akashuka. Chiriku akamrudisha kwa jozi nyingine, akashuka tena, vidole salama. Kisha akaketi benchini kujifunza kufunga kamba kwenye tundu la mwisho ili kisigino kisicheze. Kwa mtu anayeishi kwa kusuka, kamba ilimsumbua ajabu, na Chiriku alikuwa akijiandaa kumtania kwa hilo mlango uliposukumwa.

Baba yake aliingia. Hakuwa amekanyaga dukani tangu mazishi ya binti yake. Alikuwa na ndara miguuni, na mikono yake ina madoa ya cheche za miaka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nataka viatu."

"Vya kazini? Hapa hatuna vya chuma, wewe ndiye mwenye chuma."

"Vya mbio. Zile mbio za dada yako."

Chiriku akacheka, kwa mazoea tu. "Baba, ukikimbia wewe si watu watapiga kelele za mwizi?"

Mzee alitabasamu kwa mdomo, macho hayakushiriki. "Sikimbii. Wanaruhusu na wanaotembea. Nimeshajiandikisha. Nataka nifike pale alipoishia, niuone huo mteremko kwa macho yangu. Halafu kile kipande kilichobaki nimmalizie."

Chiriku alijishughulisha na rafu ili asionekane uso.

Dada yake aliteleza mwaka jana, mvua ikinyesha, kwenye mteremko mrefu baada ya kilima cha pili. Viatu alimchagulia Chiriku mwenyewe. Vilikuwa bora kuliko vyote dukani: soli yenye meno, gumba zima la nafasi mbele, ubao kaupanda na kuushuka huku wakitukanana kwa mapenzi. Havikumbana. Havikumtoa hata lengelenge. Na hapo ndipo Chiriku alipokuwa akikwama kila siku, mswaki mdomoni au ufunguo kwenye kufuli: kama vingembana, angekata tamaa kwenye kilima cha kwanza. Angerudi anachechemea, anaanza kumtukana tangu getini. Kiatu kilichomfaa ndicho kilichomfikisha.

Sasa huyu naye. Magoti ya uzee, kifua kilichojaa moshi wa kuchomelea. Na nyumbani alibaki mama, ambaye akitaka kumwita Chiriku hutangulia kutamka jina la dada yake, kisha hunyamaza, na alichotaka kuagiza hakiagizwi tena.

"Kaa, Baba."

Akampima. Mguu ulisema arobaini na tatu. Mkono wa Chiriku ukachukua arobaini na mbili.

Kiatu kiliingia kwa kusukumwa. "Vimekukaa kama ulizaliwa navyo!"

Mzee alijaribu kuchezesha vidole. "Mbele naona kama vimejaa."

"Ni upya tu huo. Vitatanuka." Viatu vya namna ile havitanuki. Chiriku alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"Haya. Hapa fundi ni wewe, mimi najua chuma tu." Mzee alimpiga bega kidogo, kama anavyompiga mtu anayemwamini, na pigo lile jepesi likamuuma Chiriku kuliko kofi. "Na ubao wangu je? Dada yako aliniambia kila mtu hapa lazima aupite."

"Ubao? Ubao umelegea, Baba. Chuma cha mguu wa nyuma kimeachia. Tumeacha kuutumia tangu wiki iliyopita."

"Kimeachia?" Mzee aliinua kichwa. "Nilichomelea mimi mwenyewe kile."

"Chuma nacho huchoka, Baba."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walishasema. Hawakusema kwamba yaweza kuwa fupi kama kutoka benchini hadi ubaoni.

"Umelegea vipi?" msusi aliuliza, kamba bado imemzonga vidoleni. Hakuwa na ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkumbusha mwenzake alichosahau. "Kaka, si nimeshuka nao sasa hivi? Mara mbili. Tena wewe ndiye uliyenirudisha."

Mzee aliuendea ubao, akainama, akapitisha kidole kwenye mshono wa chuma taratibu, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Akautikisa. Haukutikisika.

Akapanda kwa nyuma. Akashuka kwa mbele, akikanyaga kwa kishindo kama inavyotakiwa.

Vidole viligonga. Wote watatu waliusikia mlio ule mdogo mkavu ndani ya kiatu, na wote watatu waliona mzee alivyokunja uso.

Msusi alimtazama Chiriku, kisha akatazama gumba lake mwenyewe, lile aliloambiwa aliweke mbele ya kidole cha mguu. Akaelewa kitu, ingawa si chote.

"Mzee wangu," alisema polepole, "mimi ameniambia pawe na nafasi."

Chiriku alifungua mdomo. Utani wote uliokuwa ukimjia bila kuitwa haukuja hata mmoja.

Baba yake alibaki amesimama chini ya ubao, amelipa duka mgongo. "Dada yako ulimpitisha hapa?"

"Nilimpitisha, Baba."

"Vilimtosha?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, halafu akakumbuka kwamba mzee hamwoni. "Vilimtosha."

"Basi nipe kama vyake."

Chiriku hakuinuka. Msusi aliiacha kamba ianguke. Alikuwa akitazama kioo kile cha heshima, kisichoonyesha sura ya mtu, na ndani yake aliona miguu ya mzee imetulia ndani ya viatu vinavyobana, na pembeni yake magoti ya muuzaji, bado yako sakafuni.