Mkondo wa Bluu

"Nyie, kelele!" niliwafokea. Chumba changu cha kupimia moyo hapa Mpanda ni kidogo, na niliomba aingie ndugu mmoja tu wa mgonjwa. Ukoo wake kutoka kijiji cha Majimoto ukaingia mzima, kila mmoja akisema ndiye huyo mmoja.

Dorotea alilala kwa ubavu wa kushoto, mimba ya miezi minne. Kule zahanati walikomsikiliza kifua kwanza, walisikia moyo unavuma, wakamwambia huenda valvu yake inavuja vibaya. Kama ilikuwa kweli, mimba ile ingeweza kumuua.

Nikawasha rangi zinazoonyesha damu inavyopita moyoni. Wekundu ukajaa skrini, na mama mkwe wake, Mariana, akaangua kilio. "Mayu wane! Damu inamwagika!" Mabula, mume wa Dorotea, akashika ukuta.

"Mama, hiyo inakwenda njia yake!" nilisema kwa hasira. "Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa changu, basi. Ndivyo moyo unavyojaa."

Ikafuata bluu, nao wakatulia, wakashusha pumzi kabisa. Mimi ndipo nilipoogopa. Ile bluu ndiyo iliyovuja, tena ilirukia mbali, karibu na ukuta wa chumba cha juu cha moyo.

Lakini mpira wa bustani ukitobolewa na sindano nao hurusha maji mbali. Tundu ndilo la kupima. Nikakuza picha, nikatafuta pale mkondo unapopenya kwenye valvu, pembamba kabisa. Milimita mbili! Nikarudia, maana raha ya haraka siiamini. Mbili tena. Chumba cha juu hakikuwa kimetanuka, na moyo ulisukuma kwa nguvu zake zote.

"Kidogo!" nilipiga kelele, mimi niliyewakataza. "Inavuja kidogo tu! Tutamfuatilia kliniki, na atazaa!"

Mariana akapiga vigelegele mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mabula alichuchumaa palepale, akacheka huku kajifunika uso kwa kofia. Na mimi nilikuwa nacheka, sijui kwa nini nifiche.

Dorotea peke yake hakucheka. Alijigeuza chali, akapandisha blauzi. "Daktari, na huyu?"

Nikabadilisha kifaa, nikampaka jeli tumboni. Kikaonekana kimoyo kidogo, kinadunda mbio. Nilipotaka kuondoa mkono, akaukamata.

"Subiri kwanza nimwangalie," alisema. "Nilikuwa naogopa kumzoea."