Zambarau

…labda ni kivuli cha pazia tu, labda macho yangu yamechoka, lakini sista Zuena naye ameona, ameweka kidole kwenye nyama mpya ya mguu wa Plasidi, amebonyeza, ameachia, amesubiri, nami nimesubiri naye, kisha akasema, "Mama, kaa naye hapo hapo, namwita daktari," akaondoka kwa ile haraka ya mtu anayejizuia kukimbia, na mimi nimebaki nautazama mguu wa mume wangu, kile kipande walichokitoa pajani na ngozi yake na mishipa yake wakakishona juu ya mfupa uliokuwa wazi, jana kilikuwa na rangi ya mwili, leo pembeni kimekuwa zambarau, na daktari alishatuambia, mishipa tumeiunga kwa hadubini, ni myembamba kama uzi, damu ikiingia isipate pa kutokea rangi itabadilika, siku tatu za kwanza ndizo za kuombea, na leo ni ya pili, ee Mama Maria, mkokoteni wa ng'ombe ulimpindukia na marobota ya tumbaku njia ya Urambo, nilifika nikauona mfupa mweupe kama muhogo uliomenywa, naye akaniuliza kama ng'ombe wamepona, ng'ombe!… halafu wiki tatu za kidonda, akasema, "Wakate, Esperansi, nimechoka kunuka," mimi nikapiga magoti hapa sakafuni, nikamtajia Irambona na wadogo zake, nikamtajia shamba la Ulyankulu, nikamtajia Mungu, mpaka akakubali wamtoe nyama mahali pazima, sasa ana vidonda viwili kwa ajili ya maneno yangu, na sikumtajia baba, baba yangu aliyekatwa mguu, mama akambeba mgongoni kwenda chooni miaka kumi na mmoja, na tangu siku ya kwanza sikumsikia mama tena akiimba…

"Mama Irambona, mbona umenyamaza?"

Kumbe yuko macho, hakuna kitu, nimemwambia, lala, nimevuta blanketi maana walisema asipate baridi…

"Sista amekimbia."

"Hajakimbia."

"Nimesikia viatu."

Nimdanganye mara ngapi, mguu ni wake, "Nyama imebadilika rangi," nimesema, "huenda wakafungua tena, huenda…" "Huenda wakakata," amemalizia yeye, taratibu, kama anayetaja jina la kijiji anachokifahamu, ndipo likanitoka, sijui lilitokea wapi, "Plasidi, nilikulazimisha kwa sababu niliogopa mimi, niliogopa kukubeba, haikuwa kwa ajili yako," akageuza kichwa, akanitazama…

"Hilo nalijua," akasema. "Ulipolilia shamba nikajua. Wewe shamba lenyewe hulipendi."

Akataka kucheka, akakohoa, nikamshika bega, na bega lake ni zito, ni la moto, ni bega la mtu mzima aliye hai, nimeliegemea na uzito wake haukunitisha, na mama, je, aliwahi kumwambia baba kwamba anaogopa, au alimbeba yeye pamoja na huo uoga, kila asubuhi… rangi ni ileile, haikupungua, haikuongezeka, viatu vinakuja kwenye korido, nimesimama, vimepita, si vya daktari, nimekaa tena, karibu zaidi, wakikata wakate, wakiponya waponye, nitauliza mwenyewe magongo yanachongwa wapi, na Plasidi amefumba macho, mkono wake uko juu ya wangu…