Sikio la Geta

Asubuhi Tupokigwe alipomwaga maharage kwenye ungo ayachambue, aliona Geta ameota sikio.

Ilikuwa sarafu ya shaba, pana kuliko kifuniko cha soda, ambayo juu yake ndugu wawili, wana wa kaizari wa Roma, walitakiwa kutazamana. Lakini mkubwa, Caracalla, alimuua mdogo wake Geta, kisha sura ya marehemu ikafutwa kila ilipopatikana. Upande wake palibaki mikwaruzo tu. Tupokigwe aliyajua hayo kwa Gaspar, ambaye seminari ilimwachia Kilatini kidogo na mapenzi ya sarafu za Kirumi. Walipoishi pamoja Tabata alimfundisha kuzishika kwa ukingo, wala asizisugue kwa ndimu na majivu, maana ule ukijani ndiyo ngozi yake. Jioni walizipanga mezani, makaizari wenye ndevu huku, wasio na ndevu kule, wakabishana pua ipi ina kiburi zaidi.

Gaspar alipofariki, watoto wake wa ndoa, Benjamin na Adelina, walikuja kuzika na kuchukua nyumba. Matanga yalipokwisha, Benjamin alilitikisa kopo la sarafu.

"Dada, vyuma vyako usivisahau."

Alimwita dada, kama watu wanavyomwita msichana wa kazi. Tupokigwe alikuwa na mvi kichwa kizima.

Sasa alipanga chumba Tandale, akichambua maharage ya mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Makaizari aliwapanga dirishani, maana meza hakuwa nayo, na wa kubishana naye hakuwepo.

Mwamvita, mpangaji wa chumba cha pili, aliingia kuomba kiberiti, akainama dirishani.

"Huyu hakuwa na sikio."

"Limeota."

"Basi na macho yanakuja," alisema Mwamvita, akaenda kuwasha jiko lake.

Macho yalikuja kweli. Yakafuata mashavu, kidevu, na mwisho pua, ambayo ilichelewa kidogo kwa sababu ya baridi ya masika. Vumbi la maharage lilimpigisha chafya, kwa hiyo Tupokigwe akawa anamfunika kwa leso kila anapopepeta. Caracalla aligeuka akampa ndugu yake kisogo, na hakugeuka tena.

Geta hakujua Kiswahili, lakini alisikiliza. Tupokigwe alimsimulia bei ya mkaa, maumivu ya goti, jinsi Gaspar alivyokuwa akikoroma kwa zamu, pumzi moja kubwa na mbili ndogo. Tangu msiba ule, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemtazama akila.

Kumbukumbu ya mwaka ilipofika, alimfunga Geta kwenye leso, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda Tabata. Njiani alifikiri kwamba kama huyu aliyefutwa na serikali nzima ameweza kurudi, huenda na wale watoto wataelewa.

Adelina alikuwa mlangoni akipokea wageni. Hakumwamkia. Tupokigwe alifungua leso, akampa sarafu, na Adelina akaipokea kwa ukingo, bila kufundishwa.

"Baba alinionyesha hii nikiwa mdogo," alisema polepole. "Upande huu hapakuwa na mtu."

"Amerudi."

Adelina alimtazama Geta. Geta naye alimtazama, akapepesa macho. Midomo ya Adelina ilicheza kidogo, kama anayetaka kuuliza kitu. Wageni wengine wakaingia getini, na yeye akarudisha sarafu kwenye leso.

"Ni kijana mzuri," alisema. "Dada, wanaoosha vyombo wamezidiwa. Pita kwa nyuma."

Tupokigwe alipita kwa nyuma. Alilijua bomba lile, linavyotaka kuzungushwa kidogo kushoto kabla halijatoa maji. Alimweka Geta juu ya ukuta, kwenye kivuli, akakunja mikono ya gauni.

Mbele ya nyumba kulifungwa spika, na baada ya sala sauti ya Benjamin ikasikika ikisoma historia ya marehemu: alikozaliwa, alikosoma, ndoa yake, watoto wake wawili. "Baada ya hapo," alisoma, "baba yetu aliishi hapa Tabata peke yake, hadi Mungu alipomwita."

Tupokigwe alifunga bomba ili asikie kama kuna zaidi. Watu wakaitikia amina. Akalifungua tena, maana sahani zilikuwa zinazidi kuletwa.