Daftari Moja la Zahanati

Sheria niliitunga mimi, kwa hiyo msinitafutie mtu wa kumlaumu. Zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, mbele ya Kisesa, ilikuwa na watu wawili: mimi Bernadetta, nesi, na Mzee Ndalahwa, msaidizi wangu. Daftari la wagonjwa lilikuwa moja. Anayechoma sindano anaandika, na kabla hajachoma anasoma. Mwanzoni Ndalahwa alikuwa akiwauliza wagonjwa wenyewe. Nikamfokea mbele ya foleni nzima: "Mzee wangu, achana na midomo ya watu! Amini daftari!" Aliona aibu, maskini. Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Siku ile, mwaka sabini na sita, Ndalahwa alikuwa amelipeleka daftari ofisi ya kijiji, bwana afya wa wilaya alitaka kulikagua. Ng'washi akaja na mwanawe Malimi, wa miaka miwili, homa imempanda kweli kweli. Nikamchoma sindano ya malaria. Daftari halikuwepo, nikaandika kwenye kiganja: Malimi, saa nne. Nikajisemea nitanakili baadaye.

Mara akaletwa mama mwenye uchungu, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Nikakimbilia chumba cha ndani, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kama nilivyofundishwa. Jamani, nilinawa vizuri mno.

Huku nje Ndalahwa akarudi. Alimkuta Malimi bado anachemka mapajani mwa mama yake. Akafungua daftari, akasoma, hakuna kitu.

"Baba, ameshachomwa," Ng'washi alimwambia.

"Mama, hapa tunaamini daftari," akamjibu kwa upole. Akachoma, kisha akaandika.

Nilipotoka kutangaza mtoto wa kike, Malimi alikuwa amekwisha kukata roho.

Kesho yake kamati ya kijiji ikakaa. Mwenyekiti akasoma daftari: sindano moja, kipimo sahihi. Basi, homa imemchukua, kazi ya Mungu. Ng'washi akasema zilikuwa mbili. Wakamtazama kwa huruma, wakasema msiba umemchanganya. Ndalahwa alinitazama mimi. Alikuwa ameshaelewa, na bado alinyamaza. Nilimchukia kwa ukimya ule, maana alikuwa ananisitiri. Nami niliogopa, sifichi. Niliogopa jela, nikamfikiria mama yangu kule Bukoba akiletewa habari hizo.

Halafu Ng'washi akaanza kukubali. "Labda ni mimi," alisema, "labda nilihesabu vibaya." Hapo nikashindwa.

Nikasimama, nikaomba daftari. Juu ya mstari wa Ndalahwa palikuwa na nafasi finyu. Nikaandika hapo.

Ng'washi hakujua kusoma. "Umeandika nini, nesi?"

"Malimi. Saa nne. Sindano. Bernadetta."

Akaniomba nimsomee tena.